Jicho la ejenti wa Malaba: kwa nini dawa ya herpes haimfikii kirusi aliyelala

Naandika hiki kisa chote kama kilivyokuwa kwasababu wagonjwa wa herpes ya jicho nawapata mara kwa mara na swali lao ni lilelile, "musawo (yaani daktari) mbona imerudi?", na ukweli ni kwamba jibu haliko kwenye jicho, liko kwenye protini za kirusi, yaani jinsi kirusi kinavyopanga jeni ipi iwake saa ngapi na ipi inyamaze. Mwenyewe ameniruhusu nieleze, mambo madogomadogo nimeyabadilisha ili asitambulike.

Ni kijana wa miaka 31, ejenti wa kupitisha mizigo mpakani Malaba, kati ya Kenya na Uganda, kazi yake makaratasi ya malori usiku na mchana. Mwezi wa nne 2024, mvua zimekolea, akashikwa na malaria, huku kwetu Tororo, mashariki mwa Uganda, malaria tunaijua vizuri. Akapimwa, akameza dawa mseto siku tatu, homa ikaisha. Kama siku mbili baadaye mdomo ukatoka malengelenge, yale ambayo kila mtu anasema ni homa imetokea mdomoni, hakuyajali. Alafu jicho la kulia likaanza kukwaruza kama lina mchanga, machozi yanatoka, taa za malori usiku zinamchoma.

Sasa mwezi uliotangulia ugonjwa wa macho mekundu ulikuwa umezunguka nchini, kwahiyo kila jicho jekundu lilipewa jina hilohilo. Akaenda duka la dawa, hakuna aliyemmulika, akauziwa matone. Chupa alinionyesha baadaye: deksamethasoni, ambayo ni steroidi, imechanganywa na antibaotiki. Siku mbili za mwanzo jicho likapoa kabisa, wekundu ukaisha, akarudi kazini anawaambia wenzake ile dawa ni kiboko. Siku ya tano akaona ukungu. Akaongeza matone. Siku ya tisa ndo akaingia kwangu ameshika leso jichoni.

Jicho la kushoto 6/6, yaani linaona kawaida, la kulia 6/36, yaani linaona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima linakiona kwa mita 36. Kitu cha kwanza nilichotaka kujua ni kama konea inahisi, konea ni lile tabaka angavu la mbele ya jicho, basi nikasokota pamba ikawa na ncha nyembamba nikamgusa. Jicho la kushoto alishtuka akarudisha kichwa nyuma. La kulia alikaa tu, akaniuliza "umeshagusa?" Hapo tayari nilikuwa na wasiwasi, jicho linalouma lakini haliwezi kuhisi pamba ni jicho ambalo neva yake imeguswa. Nikaweka rangi ya florisini, nikazima taa ya chumba, nikawasha mwanga wa bluu. Palitokea mti mdogo wa kijani usio na majani, matawi yamegawanyika na kila tawi mwisho wake una kifundo. Huo mti ukiuona mara moja huusahau, ni herpes ya konea. Ila wa kwake katikati matawi yalikuwa yameungana yamekuwa kidonda kipana chenye kingo kama ramani, na hiyo ni kazi ya steroidi.

Matone yale nikayasimamisha siku hiyohiyo. Nikampa marhamu ya asaiklovia ya asilimia 3 mara tano kwa siku, na kwasababu kidonda kilikuwa kipana daktari wa macho niliyemshauri akaongeza vidonge vya miligramu 400 mara tano kwa siku. Siku ya saba matawi yamekwisha, siku ya kumi na nne kidonda kimefunga, ukungu kidogo umebaki, anaona 6/12. Tukaagana vizuri.

Mwezi wa nane malaria tena, na jicho tena, lilelile la kulia. Safari hii hakwenda dukani, alikuja siku ya pili na mti ulikuwa bado mdogo. Lakini alikuja na mke wake, na mama yule alikuwa na hasira ambayo hakutaka kuificha. "Musawo, mimi nimesoma kwenye simu, herpes ni ugonjwa wa zinaa. Huyu analala mpakani siku tatu kwa wiki. Ulimpa dawa wiki mbili, ugonjwa ukaisha, sasa umerudi. Umerudi kutoka wapi?"

Swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa. Nikafunga mlango nikakaa nao.

Nikaanza na hilo la zinaa kwasababu bila kulitoa hapo mengine yote yasingeingia. Hiki cha jichoni na mdomoni kwa kawaida ni herpes simplex namba moja, HSV-1, na watu wengi wanakipata utotoni kwa mate tu, shangazi amekubusu, umekunywa kikombe kimoja na kaka yako. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 3.8 wenye umri chini ya miaka 50 wanacho, yaani asilimia 64. Namba mbili ndo mara nyingi huenda kwa zinaa, na namba moja pia inaweza kufika sehemu za siri, hilo sikumficha. Ila jicho hili halimshitaki mumeo, mama, kirusi hiki inawezekana kabisa alikuwa nacho kabla hajajua hata kusoma. Akanyamaza, alafu akauliza, "kwahiyo hata mimi?" Nikamwambia uwezekano ni mkubwa.

Sasa kimetoka wapi. Kilikuwa nyuma ya jicho, ndani ya fuvu, kwenye fundo la neva linaloitwa trijemini, ile neva inayoleta hisia za uso, mdomo na konea. Kikiingia mara ya kwanza kwenye ngozi au konea kinazaliana, alafu kinapanda na uzi wa neva mpaka kwenye seli mama yake na pale kinalala. DNA yake ipo ndani ya kiini cha hiyo seli imejiviringisha duara, mzima, hakijafa. Na hapa ndo swali la kisayansi lenyewe: kwa nini kirusi kilekile, chenye DNA ileile, kwenye konea kinaua seli kwa chini ya siku moja na kwenye neva kinakaa kimya miaka?

HSV-1 kina DNA yenye herufi kama 152,000 na jeni zaidi ya 70, lakini hakina mashine yake ya kusoma hizo jeni, kinatumia ya seli, ile RNA polimerasi ya pili. Na seli nayo haikubali tu, DNA ngeni ikiingia kwenye kiini inavamiwa na histoni, zile protini za kuviringishia DNA, inakunjwa, inazungukwa na protini za ulinzi kama PML ili isisomwe. Kirusi kisipofanya kitu haraka kinafungwa hapohapo.

Kinachokiokoa ni kwamba hakiji mikono mitupu. Kati ya ganda lenye DNA na utando wa nje kuna tabaka la protini linaloitwa tegumenti, na humo kuna protini moja inaitwa VP16 imepakiwa kwa mamia ya nakala. VP16 peke yake haiwezi kushika DNA vizuri, inahitaji wenyeji, protini mbili za seli yenyewe, moja ni HCF-1 na nyingine Oct-1. Niliwaambia hivi: mgeni akihamia kijijini haendi kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, peke yake, anatafuta mtu anayejulikana pale ampeleke. HCF-1 anampokea VP16, wanaingia pamoja kwenye kiini, wanamkuta Oct-1 ameshakaa kwenye milango ya jeni za kwanza za kirusi, wakikamilika watatu ndo VP16 anaita mashine ya seli ije isome. Kirusi kinafunguliwa mlango na mtumishi wa nyumba.

Jeni zinazowaka hapo ni tano, na hizi ndo za mwanzo kabisa: ICP0, ICP4, ICP22, ICP27 na ICP47. Kila protini ina kazi yake ila nitakaa zaidi kwenye tatu.

ICP0 kazi yake ni kubomoa ulinzi. Ni protini inayobandika alama ya yubikwitini kwenye protini za seli kama PML, na chochote chenye alama hiyo kinapelekwa kusagwa. Maabara wakikitoa kirusi ICP0 alafu wakaweka virusi vichache tu kwenye seli, vingi vinazimwa vinabaki kimya, kumbe ukimya ule ndo hali ambayo seli inaipendelea, kinachotakiwa kupiganiwa ni kelele.

ICP4 ndo mkuu wa kazi. Bila yeye jeni za hatua ya pili na ya tatu haziwaki, kirusi chenye ICP4 mbovu kinabaki kutengeneza protini za mwanzo tu tena kwa wingi kupita kiasi. Kwa nini kwa wingi? Kwasababu ICP4 mzima akishatosha anarudi kukaa juu ya mwanzo wa jeni yake mwenyewe anaizuia. Mimi hii huwa inanigusa kila nikiieleza, protini moja inawasha wengine na inajizima yenyewe kwa kukaa mahali tofauti kwenye DNA ileile.

Alafu ICP27. Hapa ejenti wangu alisogeza kiti. Kwenye seli ya binadamu ujumbe wa jeni, ile mRNA, ukishaandikwa kwenye kiini huwa una vipande visivyotakiwa katikati, unakatwa, unaungwa, na katika kuungwa kule unagongwa mihuri ya protini inayouruhusu kupita kwenye tundu la kiini kwenda nje ambako protini zinatengenezwa. Sasa jeni nyingi za HSV-1 hazina hivyo vipande vya katikati, maana yake ujumbe wake haupiti kwenye kukatwa na kuungwa, maana yake unafika mpakani bila mihuri. ICP27 anaushika ujumbe wa kirusi, anauleta mpaka kwa wasafirishaji wa seli, anaupitisha. Na wakati huohuo anavuruga ile kazi ya kukata na kuunga, kwahiyo ujumbe wa seli wenyewe unakwama ndani. Jamaa akatikisa kichwa akasema, "huyo anapitisha mzigo wake huku amefunga foleni ya wengine." Ndo hivyo hasa. Na kuna protini nyingine inaitwa vhs, hii nayo inakuja tayari ndani ya tegumenti, inakatakata mRNA hovyo huko nje ya kiini. Ndani ya masaa machache seli haijitengenezei tena karibu kitu.

Hatua ya pili ni jeni za kuandaa kunakili DNA: DNA polimerasi ya kirusi, ICP8 inayoshika uzi mmoja wa DNA, na kimeng'enya kinachoitwa thaimidini kinase, TK. Hiyo TK mwiweke akilini. Hatua ya tatu, DNA ikishaanza kunakiliwa, ndo zinawaka kwa nguvu jeni za mwisho, za ganda na glikoprotini za utando, na nyingine kama ya glikoprotini gC haziwaki ipasavyo kabisa mpaka DNA inakiliwe kwanza. Kati ya hizo za mwisho yumo VP16 mwenyewe, anatengenezwa upya, anamshika vhs asiendelee kuharibu kila kitu, alafu anapakiwa ndani ya kirusi kipya kwenda kufungua mlango wa seli inayofuata. Kwenye maabara mzunguko wote ni kama masaa 18 hadi 20. Utaratibu huu wa hatua tatu ulionyeshwa na watafiti Honess na Roizman mwaka 1974, walizuia seli zisitengeneze protini wakaona kirusi kinakwama kwenye hatua ya kwanza, wakiiachia kinaendelea kwa zamu, kila kundi linangoja kundi lililotangulia. Ule mti wa kijani niliouona jichoni ni njia ambayo mzunguko huo ulipita seli kwa seli.

Basi turudi kwenye neva. Kutoka konea mpaka kwenye kiini cha seli ya neva ni safari ndefu kwenye uzi mwembamba, na ganda lenye DNA linafika lakini VP16 wengi wanaachana nalo njiani. Na hata yule mwenyeji HCF-1, kwenye seli za neva za hisia kwa kawaida anakaa nje ya kiini. Kwahiyo hakuna wa kumpeleka mgeni kwa LC, ICP0 haijatengenezwa, ICP4 haijatengenezwa, histoni zinaikunja DNA, na kirusi kinabaki kinatoa kwa wingi kitu kimoja tu, RNA inayoitwa LAT, ambayo haijulikani kutengeneza protini yoyote. Eneo hilohilo la LAT linatoa pia RNA ndogondogo, moja inalenga ujumbe wa ICP0, nyingine inalenga ICP4, yaani hata ikivuja cheche kidogo kuna maji karibu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na hapa mshindo unakuja seli ya neva ikipata msukosuko: homa kali, jua kali usoni, mwili kudhoofika. HCF-1 anahamia kwenye kiini, histoni zinalegea, kwenye seli chache tu VP16 anatengenezwa upya palepale, na ngoma inaanza, inashuka na uzi uleule mpaka konea. Panya waliokuwa na kirusi kilicholala wakipandishwa joto la mwili kwa muda mfupi, kirusi kinaamka. Malaria ya ejenti wangu ilifanya kazi hiyo mara mbili.

"Na dawa?" mama akauliza, hasira imeshuka sasa anataka kujua kweli.

Asaiklovia ikiingia kwenye seli ni kitu kisicho na kazi. Ili iwe sumu kwa kirusi lazima ibandikwe fosfeti ya kwanza, na anayebandika vizuri ni ile TK ya kirusi niliyowaambia muiweke akilini, vimeng'enya vya seli vinaongeza mbili zilizobaki. Ikishakamilika inajifanya tofali la DNA, polimerasi ya kirusi inalichukua inaliweka kwenye mnyororo, na tofali lile halina mahali pa kushikia lingine, mnyororo unaishia hapo. Ndo maana dawa hii haiumizi sana seli zisizo na kirusi, na ni katika kazi za aina hii mtafiti wa dawa Gertrude Elion na wenzake walipewa Nobel mwaka 1988. Lakini tazameni sasa: TK ni ya hatua ya pili. Inatengenezwa pale tu ICP4 ameshawashwa, na ICP4 anawashwa pale tu VP16 amepata wenyeji wake. Kwenye neva kirusi kimelala, hakuna VP16, hakuna ICP4, hakuna TK ya maana, hakuna DNA inayonakiliwa, dawa inapita hapo haina cha kufanya. Kwahiyo dawa niliyompa mwezi wa nne haikuwa feki na haikushindwa, ilimaliza kila kirusi kilichokuwa kimeamka. Aliyelala hakuguswa.

Kuna jambo la yale matone linaniuma mpaka leo. Steroidi inatuliza wekundu kwasababu inazima askari wa mwili, mgonjwa anaona nafuu huku kirusi kinakula konea kwa raha. Lakini siyo hilo tu. Steroidi hizi zikiingia kwenye seli zinashikamana na kipokezi chake, kipokezi kinaenda kukaa kwenye DNA, na kwenye tafiti imeonekana kinaweza kusaidia kuwasha milango ya jeni za mwanzo za herpes, ikiwemo ya ICP0. Watu wa mifugo wanalijua hili siku nyingi, ndama mwenye herpes ya ng'ombe iliyolala, BoHV-1, akidungwa deksamethasoni kirusi kinaamka kwa uhakika kiasi kwamba watafiti wanaitumia kama swichi. Wakati mwingine daktari wa macho huitumia steroidi kwa herpes iliyoingia tabaka la ndani la konea, ila chini ya ulinzi wa dawa ya virusi na kwa kupima kila mara. Kuiuza juu ya kaunta kwa jicho ambalo hakuna aliyeliangalia na rangi na mwanga wa bluu, hapana jamani. Tofauti ile kati ya 6/6 na 6/12 ya kijana huyu ilianzia kwenye ile kaunta.

Tulichoamua: tukatibu mti wa pili, ulifunga kwa siku nane, alafu daktari wa macho akamweka kwenye vidonge vya kuzuia, miligramu 400 mara mbili kwa siku kwa mwaka mmoja. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 1998 ambao kwa dozi hiyohiyo miezi 12 herpes ya jicho ilirudi kwa asilimia 19 ya watu, wakati waliopewa vidonge visivyo na dawa ilirudi kwa asilimia 32. Siyo sifuri, nikawaambia wazi. Kinachofanyika ni kwamba kirusi kikiamka kinakuta dawa ipo tayari, TK yake mwenyewe inaigeuza sumu kabla hakijafika mbali. Anywe maji ya kutosha, figo tukazipima mwanzo na katikati. Chandarua, na malaria itibiwe siku ya kwanza, maana kwake homa siyo homa tu.

Mama ndo alikuwa mlinzi wa vidonge, alichora kalenda nyuma ya mlango. Ndani ya mwaka mdomo ulitoka malengelenge mara moja, jicho halikuguswa. Vidonge vimeisha mwezi wa nane 2025 na tumekubaliana aje siku hiyohiyo akisikia mchanga, maana kinga ya vidonge haibaki ukishaviacha. Anaona 6/12, kovu lipo, ukimulika taa kwa upande unaliona kama alama ya pumzi kwenye kioo.

Juzi alikuja bila mgonjwa, na chupa mfukoni, mpya, haijafunguliwa. Dada yake jicho moja ni jekundu na ameuziwa hiyo dukani. Alikuwa ameshasoma lebo mwenyewe, kidole kimesimama kwenye jina la deksamethasoni. Nikamwambia amlete leo, na amlete na hilo jicho bila kuliweka kitu. Alipanda bodaboda saa hiyohiyo.